Simu Kwenye Shimo la Kumi na Mbili

Nitasema mapema ili usije ukanipenda bure. Dada yangu alipiga simu kumtafuta mumewe, mimi nikiwa nimesimama hatua sita kutoka kwa huyo mume, na simu sikumpa. Yote nitakayosimulia hapa ni ya kweli, na mengi yake ni mazuri, lakini yanaelekea hapo. Wapo wanaonipigapiga mgongoni na kuniambia ndivyo Mungu alivyopanga. Wakae na mpango wao. Mungu hakuwa na simu mkononi siku ile, mimi ndiye niliyekuwa nayo.

Shemeji yangu alikuwa mkata nyasi wa uwanja wa gofu. Miaka kumi na tisa alikaa juu ya mashine, akiizungusha kwenye nyasi tangu alfajiri kabla wanachama hawajafika, na hata alipokuwa ameshuka mikono yake iliendelea kutikisika mpaka saa nne. Mimi ni kedi pale pale, nabeba mifuko ya fimbo za watu na kuwaambia upepo unatoka wapi. Ndiye mimi niliyemleta dada yangu aje kuwapima wafanyakazi sare mpya, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani na alikuwa na mkono mzuri. Alimpima mkata nyasi akiwa wa nne kwenye foleni. Akamzungushia futi kifuani, akarudi nyuma, akamtazama kama mtu anayetazama pazia lililopinda.

"Mbona bega lako moja liko juu?" akamuuliza.

"Ndivyo nilivyozaliwa."

"Hakuna anayezaliwa hivyo. Lishushe."

Akalishusha. Miezi saba baadaye walioana, na mimi nikapata shemeji wa kumtania kila siku ya Mungu. Hawakujaaliwa mtoto. Walilia mwaka mmoja au miwili, kisha wakaacha kulia, wakabaki wawili na cherehani ya miguu katika nyumba ya vyumba viwili yenye uwanja mdogo nyuma, wa simenti iliyopasuka.

Jumatatu uwanja wa gofu hufungwa kwa wanachama, na sisi wafanyakazi huruhusiwa kucheza kwa fimbo zilizotupwa. Shemeji alikuwa na nguvu za punda na akili ya kupiga kama ya mtu aliyeona nyoka chumbani. Aliinua fimbo kwa mikono yote miwili, akakaza meno, akaishusha kwa hasira. Mpira ulikwenda popote ulipojisikia. Tulimwita Mpasua Kuni. Wakubwa wa klabu walikuwa wameweka mtihani mmoja kwa mwaka kwa mfanyakazi anayetaka kuwa mwalimu wa gofu: mashimo kumi na nane, mapigo themanini au pungufu, na aliyeshindwa mara tatu harudi tena. Mpasua Kuni akajiandikisha. Tulicheka mpaka mmoja wetu akakaa chini.

Mara ya kwanza alipiga themanini na tisa. Wajuzi wote wakaja na dawa zao. Huyu anamwambia shika fimbo kama unavyoshika ndege, yule anamwambia tanua miguu, mwanachama mmoja akampa kitabu chenye mishale kila ukurasa. Alikisoma mpaka akawa hajui hata kusimama.

Aliyeona ugonjwa alikuwa dada yangu, na hakuuona uwanjani. Aliuona kwenye shati. Kila Jumatatu jioni mume wake alimletea shati lile lile limechanika pale pale, kwenye mshono wa kwapa la kulia. Alilishona mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mara ya nane akalishika mkononi na kuniita.

"Njoo uone. Shati halisemi uongo," akasema. "Angekuwa anapiga kwa kiuno, lingechanika mgongoni, au lisingechanika kabisa. Huyu bwana anavuta kila kitu kwa bega. Kiuno kimelala."

Hakuwahi kushika fimbo ya gofu maishani mwake. Alimtoa mumewe nje kwenye ile simenti, akamvua shati, akamchora chaki ya kushonea mgongoni: mstari mmoja wa uti wa mgongo, mwingine wa mabega, mwingine wa kiuno. Akampa ufagio. Akamwambia azunguke polepole, mpaka mstari wa kiuno utangulie na ule wa mabega ufuate. Alimfunga lastiki kwenye viwiko ili visiachane. Na kwa kuwa mtu mzima hasikii kwa maneno, akachomeka pini kwenye kola yake upande wa kulia, ncha ikitazama juu. Bega likipanda, pini inamgusa taya. Nilimkuta jioni moja taya lina vidoa vyekundu kama mtu aliyeshambuliwa na mbu wa upande mmoja.

"Dada yako ataniua," akaniambia.

"Angekuua zamani. Anakupenda, ndiyo maana anakuchoma."

"Nyamazeni," akasema dada kutoka dirishani. Alikuwa amekaa kwenye cherehani, ametupa mgongo. "Tena. Pole pole. Umeinua bega."

Hakugeuka. Alikuwa amejua kwa sauti. Ufagio ukizungushwa kwa kiuno ulitoa mvumo mmoja mrefu, na ukivutwa kwa bega ulikuwa na kishindo kidogo katikati, kama mtu aliyejikwaa. Mimi nilijifunza kuusikia baada ya mwezi. Yeye aliusikia siku ya kwanza.

Mwili ulianza kutii. Kichwa ndicho kilikuwa kigumu. Mbele ya mpira shemeji aliwaza mtihani, aliwaza wanaocheka, aliwaza mpira uliopita na ule ujao. Dada akamkalisha mezani na kumpa sindano na uzi mweusi.

"Pitisha."

Mikono ile ya mashine! Alijaribu mara kumi. Uzi ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, mate yakakauka.

"Unawaza nini?"

"Nawaza nitashindwa."

"Mimi nikipitisha uzi siwazi gauni zima, wala mwenye gauni. Natazama tundu. Natoa pumzi yote nje, nasubiri kidogo pale pumzi inapokwisha, napitisha. Pale mwili umetulia. Hakuna mahali pengine ulipotulia."

Kila siku baada ya kula alipitisha uzi mara ishirini. Na hapo ndipo ilipozaliwa sheria ya nyumba ile. Dada alikuwa nayo zamani kwa ajili ya kazi yake, sasa ikawa ya wote wawili: mwenye uzi hasemeshwi. Hata kama chungu kinaungua, hata kama mgeni anabisha mlangoni, mtu aliyeshika pumzi usimwite mpaka amalize. Niliwahi kuingia na habari kwamba nimevunjiwa nyumba, dada akaninyooshea kidole kimoja, nikasimama na habari yangu mdomoni mpaka shemeji apitishe uzi. Uwanjani pia ndiyo adabu yetu, mtu akisimama juu ya mpira hakuna wa kukohoa. Kwa hiyo sheria ile mimi niliikuta kazini na nikaikuta kwa dada. Iliniingia kwenye damu.

Mtihani wa pili alipiga themanini na nne. Hatukucheka. Hata wazee wa klabu walianza kusimama kumtazama.

Mwaka wa tatu dada akaanza kuchoka. Alikanyaga cherehani dakika kumi, akapumzika tano. Miguu ikavimba. Alisema ni joto. Tulimwamini kwa sababu ilitufaa kumwamini. Wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho alianguka akiwa amesimama kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi, na daktari akatuambia moyo umetanuka, umechoka kusukuma. Walimlaza. Siku ya kumi akapata nafuu, akakaa, akaanza kuwakosoa wauguzi namna walivyopinda mashuka. Daktari akasema Ijumaa huenda akatoka. Mtihani ulikuwa Alhamisi.

Shemeji alisema haendi. Dada akamtazama vibaya.

"Miaka yote hii nimekuchoma pini ili ubaki hapa unanitazama? Nenda. Nataka nikitoka nikute mwalimu. Jioni utanisimulia shimo moja moja."

Alhamisi asubuhi tulipita hospitali. Dada alimnyoosha kola, akapitisha kidole kwenye ule mshono wa kwapa. "Leo lisichanike," akasema. Nje, penye pikipiki, shemeji alinipa simu yake iliyozimwa na kunishika mkono kwa nguvu.

"Namba yako ndiyo waliyo nayo wauguzi. Wakipiga, niambie hapo hapo. Hata nikiwa na fimbo juu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Apa."

"Shemeji, twende."

Sikuapa. Nimelitafuta neno hilo kichwani mara nyingi, nikidhani labda niliapa nikasahau, au sikuapa na hiyo inanipunguzia. Haipunguzi.

Mashimo kumi na moja ya kwanza alicheza kama mtu mwingine. Alitoa pumzi, akasubiri, akazunguka, na ule mvumo mrefu ukasikika kila mara. Mapigo arobaini na saba. Msimamizi wa mtihani, mzee asiyemsifu mtu, aliandika kwenye karatasi yake na kutikisa kichwa kwa mshangao. Mimi nilibeba mfuko na machozi yananilenga kwa furaha. Nilijiona nimembeba dada yangu mwenyewe mgongoni.

Shimo la kumi na mbili lina bwawa upande wa kushoto. Shemeji alikuwa ameshasimama juu ya mpira, ameshaanza kutoa pumzi, simu ikatetemeka kwenye mfuko wangu wa suruali. Saa saba na nusu. Nilirudi nyuma hatua sita, nikaitoa, nikaiziba kwa kiganja.

"Ni mimi," alisema dada. Alikuwa ameazima simu ya muuguzi. "Yuko karibu?"

"Yuko hapa. Ameshika fimbo, anapiga sasa hivi."

Nilimsikia akivuta pumzi fupi fupi za juu, kama mtu aliyepanda ngazi.

"Nilitaka kusema naye."

Ningeita tu. Jina lake tu, kwa sauti ya kawaida, angegeuka. Nilifungua mdomo na nikajiona naivunja ile sheria, nikaona macho ya msimamizi, nikaona miaka mitatu inamwagika kwa neno langu moja. Na bado nilidhani ni jambo la dakika.

"Ngoja apige, dada, nitampa."

"Eh, usimsemeshe. Mwenye uzi hasemeshwi." Nadhani alitabasamu. "Nielekezee simu huko, nimsikie."

Nikanyoosha mkono wenye simu kumwelekea mumewe. Akapiga. Kile kishindo kidogo kikasikika katikati, na mpira ukaenda kushoto, ukazama bwawani. Nikairudisha simu sikioni.

"Mpira umetoka vizuri, dada. Katikati kabisa."

Akacheka. Kicheko kifupi, kikamalizika kwa kukohoa. "Mwongo mkubwa we. Ameinua bega. Mwambie..."

Kikohozi kikaja tena na hakikuacha. Kitu kilianguka, chuma au glasi. Nikasikia sauti ya muuguzi akimwita mtu kwa haraka, kisha akaniambia mimi, "Tutakupigia," na simu ikakatika.

Shemeji alikuwa amegeuka. Uso wake haukuwa na habari na mpira.

"Nani huyo?"

"Mtu anatafuta kedi wa Jumamosi."

"Si hospitali?"

"Si hospitali."

Uongo wa pili katika dakika moja. Nilijiambia nitamweleza tukimaliza shimo hili, akishatulia. Nilijiambia akiondoka sasa amekwisha, harudi tena, atabaki kwenye mashine mpaka azeeke, na dada akipata nafuu atanilaani. Nilijiambia mengi, mtu akiwa na woga hakosi maneno. Nikamsogelea, nikampa mpira mwingine, nikasema, "Umeinua bega."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akalishusha. Tangu pale hakukosea hata mara moja. Neno la mwisho la mke wake lilimfikia kwa mdomo wangu, nikaliacha aamini ni langu.

Simu ilitetemeka tena shimo la kumi na tatu. Ikatetemeka la kumi na tano, ndefu. Paja langu lilikuwa linajua. Sikuitazama.

Mapigo sabini na tisa. Msimamizi alimshika mkono na kumwita mwalimu. Wakata nyasi wenzake walikuja mbio, wakamnyanyua juu, na shati lake lilikuwa zima kwapani. Wakiwa bado wamembeba nilimwambia twende hospitali. Alidhani nataka tukampe habari njema. Njia nzima, nyuma ya pikipiki, alikuwa ananihesabia mashimo sikioni, akipanga atakavyomsimulia, la kwanza, la pili, na lile la bwawa aliseme vipi asichekwe.

Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya. Muuguzi alitukuta mlangoni, binti mpole, akatupa pole na kusema ilikuwa saa nane na dakika kumi. Shemeji alimwuliza mara mbili saa ngapi. Kisha muuguzi, kwa wema kabisa, akasema, "Lakini mlizungumza naye ile saa saba na nusu. Alifurahi sana. Baada ya hapo alikuwa anauliza tu kama mko njiani."

Kutoka uwanjani hadi hospitali ni dakika kumi na tano. Hesabu hiyo aliifanya pale pale, nilimwona akiifanya, midomo ikicheza. Kisha akanigeukia. Nilijiandaa kwa ngumi. Naapa ningeshukuru ngumi.

"Alisemaje?" akaniuliza.

Nikamweleza yote, mpaka kwenye ule uongo wa kedi wa Jumamosi. Alisikiliza akiwa amesimama wima, mabega chini, mikono imetulia kabisa. Nilipofika kwenye "mwambie", nikanyamaza, kwa kuwa hapakuwa na zaidi.

"Mwambie nini?"

"Muuguzi alichukua simu."

"Mwambie nini, shemeji?"

Muuguzi naye tulimwuliza. Hakusikia, alikuwa anatafuta oksijeni.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi sina mtoto, lakini mjukuu huyo ninaye, analala kwangu, anakula kwangu, ananiamsha. Nimewahi kukasirika nikitafuta wa kumlaumu. Nimewalaumu wakubwa wa klabu na mtihani wao. Siku moja, Mungu anisamehe, nilimlaumu dada mwenyewe na ile sheria yake. Lakini yeye alitaka nyumba itulie kwa kitambo cha kupitisha uzi, basi. Hakuniambia ninyamaze mashimo sita.

Shemeji sasa ni mwalimu. Ana kofia nyeupe na wanafunzi wengi, kwa sababu anafundisha vizuri kuliko waliosoma. Anawachora chaki, anawafunga lastiki, anawafundisha kutoa pumzi na kusubiri. Wengine wamepunguza mapigo kumi kwa mwezi. Hajawahi kuninyanyulia sauti. Jumapili nakwenda kwake, tunakunywa chai pale mezani, na cherehani imefunikwa shuka. Kila Jumapili ananiuliza lile swali moja. Zamani aliuliza kama mtu anayedhani nimesahau kitu na kitanirudia. Alitaka nimwigizie sauti ilivyokuwa, kama ilipanda au ilishuka, kama lilikuwa neno la bega au neno jingine.

Jumapili iliyopita hakuuliza. Alisukuma kikombe pembeni na kunitazama.

"Shemeji, nitungie."

"Nikutungie nini?"

"Alichotaka kusema. Umemjua tangu ulipozaliwa, unajua maneno yake. Hata kama ni 'mwambie aje na sabuni'. Wewe sema tu kwamba umekumbuka. Mimi nitaamini, sitakuuliza tena."

Siku ile niliwadanganya watu wawili kwa dakika moja, bila hata kumeza mate. Pale mezani nilitafuta uongo mmoja tu, wa huruma, ambao mwenyewe alikuwa ameuomba kwa mdomo wake. Nilijaribu "mwambie nampenda", nikaona si dada yangu huyo, hasemi hivyo. Nilijaribu "mwambie ashushe bega", halikutoka. Alinisubiri, macho kwenye mdomo wangu, mpaka chai ikapoa.

"Haya," akasema mwishowe, kwa upole. "Labda wiki ijayo litakujia." Akaenda uani kunawa uso, akakaa huko muda mrefu, na mimi nikaosha vikombe.